Mpishe Mwenzako Kiti

Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu mstaafu, mkaazi wa Mji wa Kale, mbele ya wakaazi, madereva na makanga wa kisiwani. Tumeyachapisha kama alivyoyasema, tukipunguza kidogo tu ili yaenee kurasani.

Wakubwa zangu shikamooni, ingawa nikitazama viti vya mbele naona wakubwa zangu wamebaki wachache, na mmoja wao ameshalala.

Nilipoletewa ujumbe kwamba natakiwa kuzungumza juu ya adabu ya kumpisha mwenzako kiti, katika matatu, tuktuk na feri, nilicheka. Nilijua nimeitwa niwagombeze vijana. Mtu akishafundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, watu hudhani kugombeza ndiyo kazi yake. Basi leo nitawavunja moyo. Vijana sitawagombeza, na nikifika katikati ya maneno yangu mtajua kwa nini. Nina deni.

Nianze na tulikotoka. Sisi tuliolelewa Mji wa Kale, tulijifunza kukaa na kupishana kwenye baraza za nje ya nyumba. Baraza hukaa watu watano, sita. Akipita mzee anatoka msikitini, au mama na kikapu chake anatoka Marikiti, mtoto aliyekaa hakungoja kuambiwa. Aliruka chini akakaa kwenye ngazi, au akasimama. Hakuna aliyemwambia ahsante, maana hakuhesabiwa kuwa amefanya jambo. Na ukichelewa kuinuka, si lazima mamako awepo. Mzazi yeyote wa mtaa alikuinua, na jioni ukifika nyumbani unakuta habari imekutangulia.

Tabia ile tulipanda nayo basi. Wenye umri wangu mnayakumbuka mabasi ya KBS. Basi lilikuwa kubwa, lina vyuma vya kushikilia juu, na watu walisimama katikati mpaka mlangoni. Katika basi kama lile, kumpisha mtu kiti ni jambo la wazi: wewe umekaa, yeye amesimama, unainuka, anakaa, unashika chuma, safari inaendelea. Na palikuwa na adabu ya pili ambayo siku hizi siioni sana. Aliyekaa alimpokea mzigo aliyesimama. "Lete nikupakatie." Unampa mtu usiyemjua kikapu chako cha samaki, au mwanao, naye anampakata mpaka unaposhuka. Mimi mwenyewe nimewahi kumpakata jogoo kutoka Mwembe Tayari mpaka Changamwe, na jogoo yule hakuwa na adabu hata kidogo.

Sasa hapa nataka tuelewane, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi ya adabu yanapopotea.

Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kufanya kazi zile kanuni tunazoziita za Michuki, kwa jina la marehemu John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Zilikuwa zimetangazwa mwaka 2003: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, sare za dereva na makanga, na kila abiria awe na kiti chake. Kabla ya hapo mnakumbuka tulivyokuwa. Watu walisimama ndani ya matatu wameinama, shingo imekunjika, na wengine wakining'inia mlangoni, shati linapepea. Mimi nilizipokea kanuni zile kwa mikono miwili na mpaka leo nazitetea. Lakini zilibadilisha jambo moja ambalo hatukulifikiria. Katika matatu ya abiria kumi na wanne, ikifuata sheria, hakuna anayesimama. Kwa hivyo ukimwambia kijana, "Inuka mzee akae," unamwambia aende wapi? Chuma cha kushika hakuna. Ama ahamie kiti kingine, ama ashuke.

Sisi wazee bado tunaidai adabu ya basi la KBS ndani ya gari ambalo halina nafasi ya kusimama. Kisha tukiona hakuna anayeinuka, tunasema watoto wa siku hizi hawana malezi. Malezi wanayo wengi. Hawajaambiwa tu kwamba siku hizi kiti hutolewa mahali pengine, tena mapema zaidi: hutolewa mlangoni, na hutolewa steji kabla gari halijajaa.

Nianze na mlangoni. Wewe unaenda Mtwapa. Umepanda Posta wa kwanza, gari tupu, ukachagua kiti cha mlangoni kabisa kwa sababu pana upepo. Anakuja mama wa miaka sabini ambaye anashuka Buxton tu. Unakunja magoti kidogo kando, unamwambia, "Pita, mama." Apite wapi? Magoti yake hayakunjiki, mgongo hauinami, mkononi ana mkoba na bakora, na wewe unataka akuruke kama anaruka mtaro. Akifika Buxton itabidi akuruke tena kutoka, na huku makanga anapiga bati kwa kiganja, "Haraka, haraka, mama." Hapo hukufanya kosa lolote la sheria. Umelipa nauli, umekaa kwenye kiti chako. Lakini kama ungesogea ndani tangu mwanzo, mama yule angekaa bila tabu, na wewe ungefika Mtwapa saa ile ile.

Kwa hivyo anayekwenda mbali aingie ndani. Anayeshuka karibu, na asiyeweza kuinama, waachiwe mlangoni. Jambo hili halina gharama hata ya shilingi, na kama mtasahau yote mengine niliyosema leo, nendeni na hili. Na kile kiti cha mbele kwa dereva, ambacho watu hudhani ni cha heshima na ndicho apewe mzee, muulizeni kwanza. Gari nyingine mlango wa mbele uko juu, na kupanda pale ni kama kupanda dohani. Wako wazee wanaokipenda na wako wanaokiogopa.

Sasa twende steji. Nani hapa hajawahi kungoja gari Posta saa kumi na mbili jioni? Mikono naiona michache. Gari likiingia halijasimama bado, watu wameshalikimbilia. Wenye nguvu wanashika mlango likiwa linatembea. Nimeona mkoba ukirushwa dirishani ili ukae mahali pa mwenyewe, na mwenye mkoba akaingia nyuma yake akasema, "Hapa pana mtu." Mvua ikinyesha nauli inapanda, na mbio zinaongezeka. Ndani ya dakika moja gari limejaa, limeondoka. Wanaobaki ni walewale: mzee mwenye bakora, mama mja mzito, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kijana mwenye magongo. Linakuja la pili, wanabaki. La tatu, wanabaki. Mwaka 2020, wakati wa korona, matatu ya kumi na wanne ilipoamriwa ibebe wanane, hali ilizidi, kwa maana viti vilipungua na watu ni wale wale.

Mkinifuata, mtaona kwamba anayempisha mwenzake kiti pale Posta hapumzishi miguu ya mtu kwa dakika kumi tu. Anampa zamu yake ya kurudi nyumbani, na yeye mwenyewe huenda akabaki. Hilo ni jambo kubwa kuliko kushika chuma kwenye KBS, na ndiyo sababu watu hawalifanyi ovyo. Mtu ametoka kazini, amechoka, ana watoto wanamngoja. Sitaki kusimama hapa nikajifanya ni rahisi.

Lakini nitawaambia nilichokiona. Jioni moja nilikuwa nakwenda Bombolulu kwa binti yangu. Nilisimama na mama mmoja mja mzito, miezi yake imetimia, amevaa buibui, amejishikilia kwenye nguzo. Magari matatu yalitupita. La nne lilipofika, makanga alishuka, akaweka mkono wake kuziba mlango, akasema kwa sauti ya kawaida, hakupiga kelele: "Huyu mama kwanza, na yule bibi. Wengine ngojeni, gari halitoroki." Wallahi wale watu wote waliokuwa wakisukumana walisimama. Walisimama! Mama akapanda polepole, nikapanda mimi, kisha wakaingia wengine. Haikufika hata nusu dakika, na gari lilijaa vilevile. Makanga hakupoteza senti.

Makanga mliopo hapa, nyinyi mnatukanwa sana, na mengine mnayataka wenyewe. Lakini mlango ni wenu. Abiria mmoja akisema "mpisheni mzee," wenzake wanamwangalia kama mtu anayejitia wema. Makanga akisema, ni amri ya gari. Hakuna mtu mwingine mwenye nguvu ile pale steji, hata askari. Mkono mmoja mlangoni, basi.

Sasa deni langu.

Miaka michache iliyopita nilipanda matatu hapo hapo Posta. Kiti cha karibu na mlango alikuwa amekaa kijana, mvulana wa kama miaka ishirini, suruali ndefu, visikizi masikioni, anatazama nje. Akapanda mzee mwenye bakora. Kiti kilichobaki kilikuwa cha nyuma kabisa, kwenye kona. Mzee akaanza kujikunja kupita. Mimi damu ikanipanda. Nikasema, kwa sauti ya darasani, mnaijua: "We kijana! Kwenu hukufunzwa? Huoni mzee? Inuka uende nyuma!" Gari zima likaniunga mkono. Mmoja akasema "watoto wa simu hawa," mwingine akasema neno ambalo sitalirudia. Kijana akatoa visikizi, hakujibu kitu, akainuka, akaenda nyuma. Alikwenda taratibu, akishika viti. Nikadhani ni ujeuri, anatufanyia kusudi. Mzee akakaa, akaniombea dua, nami nikajiona mtu mwema.

Tulipofika Kongowea kijana alitaka kushuka. Kutoka kule kona ya nyuma ilimbidi apite watu, na makanga akawa anamhimiza, "Haraka wewe, unatuchelewesha." Alipofika mlangoni na kushusha mguu, suruali ilipanda kidogo, nikaona. Mguu ulikuwa wa bandia. Ndiyo maana alikaa mlangoni. Pengine alikuwa amengoja magari mawili au matatu ili apate kiti kile kile. Nilimwita, nikasema, "Mwanangu, nisamehe." Akanitazama, akasema, "Si neno, bi." Akaenda zake akivuka barabara.

Si neno. Basi hayo maneno mawili nimeishi nayo mpaka leo. Na hata wale wa kwangu nyumbani sijawahi kuwasimulia, wanasikia leo pamoja nanyi.

Nilifikiri sana kwa nini hakujibu. Angesema neno moja tu, "mimi nina mguu mbovu," gari zima lingenyamaza. Lakini kwa nini aseme? Kwa nini mtu alazimike kuufunua ugonjwa wake mbele ya watu kumi na tatu asiowajua ndipo aruhusiwe kukaa kwenye kiti alichokilipia? Hapa Pwani tuna watoto na vijana wengi wenye seli mundu. Ukimwona leo ni mzima, anacheka, na usiku maumivu yakimshika hulala hospitalini. Kuna wenye figo wanaotoka kusafishwa damu, wana bandeji ndogo tu ndani ya mkono wa shati. Kuna mama ambaye mimba yake haijaonekana, na miezi ile ya mwanzo ndiyo yenye kizunguzungu. Kuna kijana aliyetoka zamu ya usiku bandarini. Huwezi kujua kwa kutazama.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelihangaikia jambo hili kwa njia zao. Huko Japani, mwezi Septemba 1973, siku yao ya kuwaheshimu wazee, treni za Tokyo zilianza kuwa na viti maalumu vya wazee. Vitambaa vyake vilikuwa vya rangi ya fedha, ndiyo maana vikaitwa viti vya fedha. Mjini London, tangu mwaka 2017, mtu mwenye maradhi yasiyoonekana anaweza kupewa beji ya kuvaa kifuani inayoomba apishwe kiti, bila kulazimika kueleza anaumwa nini. Ni fikra nzuri. Sijui kama sisi tungevaa beji. Watu wa hapa wangeisoma, kisha wangekuuliza, "Pole, unaumwa nini, na umeona daktari gani?"

Na kuna kisa kingine cha kiti ambacho wengi mmekisoma shuleni. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery nchini Marekani, mama mshoni aitwaye Rosa Parks aliamriwa na dereva wa basi ainuke, kwa sababu ni mweusi na yuko mzungu aliyesimama. Hakuinuka. Akakamatwa, na watu weusi wa mji ule wakasusia mabasi siku 381 mpaka mpango ule ukaondolewa. Nakitaja kwa sababu mimi pale kwenye matatu nilimwamrisha mtu. Kiti unaweza kumwomba mtu akupe, na akikupa ni hisani yake. Ukimwinua kwa kumfedhehesha, hapo tumeshatoka kwenye adabu, hata kama unayemtetea ni mzee kweli.

Tuwe tunaomba, basi, na tena tuombe gari zima badala ya kumchagua mmoja. Nimejizoeza maneno haya: "Jamani, yuko anayeweza kumpisha mama huyu hapa mlangoni?" Halafu nanyamaza. Mara nyingi anainuka mtu ambaye sikumtazamia, na mara moja aliinuka mwanamume mwenye ndevu za mvi. Anayeweza anajijua. Na wewe mwenye haja, sema. "Mwanangu, magoti yananisumbua, naomba nikae hapo." Vijana wengi hawainuki kwa sababu wanaogopa, wallahi wananiambia. Mmoja alimwinukia mama akidhani ni mja mzito, kumbe ni mnene tu. Alitukanwa tangu Saba Saba mpaka Kongowea, sasa hamwinukii mtu.

Wazee wenzangu, na sisi tuna yetu. Ukipishwa, sema ahsante. Zamani haikusemwa, najua, nimeeleza habari ya baraza. Lakini kijana huyu amekuachia zamu yake baada ya kungoja saa nzima, hakukuachia ngazi ya baraza. Na ukiwa huhitaji, kataa kwa upole. Kuna babu mmoja mtaani kwetu, akipishwa kiti hufoka, "Nimekwambia mimi mzee?" Basi kijana yule siku nyingine atampisha nani?

Kuhusu watoto wa shule, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto hulipa nauli pungufu. Makanga wengine wanampandisha, kisha abiria mkubwa akitokea wanamwambia, "We mwanafunzi, inuka, mpishe mkubwa." Linasikika kama adabu. Halina adabu ndani yake, ni hesabu ya nauli. Mtoto anabanwa katikati ya viti na mkoba wa vitabu uliojaa mpaka kifuani, bila mkanda, gari likifunga breki anatupwa mbele. Mtoto akimpisha bibi yake kwa hiari, au mama akampakata wa miaka mitatu, mimi nitafurahi. Lakini kiti cha mtoto hakiuzwi mara ya pili. Na mzazi uliyemo ndani ya gari, ukimwona mtoto wa mwenzako anainuliwa hivyo, sema kitu. Mtoto mwenyewe hawezi kusema, tumemfunza asibishane na wakubwa.

Tuktuk nazo zina yake, hasa sisi wa Mji wa Kale ambako matatu haiingii kwenye vichochoro. Nyuma wanakaa watatu. Nani akae katikati? Dada aliyevaa buibui akikuta wanaume wawili wamekaa huku na huku wamemwachia katikati, atapanda kwa sababu hana budi, lakini safari nzima amejikunja. Wanaume, sogeeni muwe upande mmoja, mwacheni pembeni. Huhitaji kuambiwa. Mzee naye katikati hapamfai, hana pa kushika. Katika matatu ni vilevile: mara ngapi mmeona watu wawili wamebadilishana viti bila neno, ili mama akae na mama mwenzake? Huko nako ni kumpisha mtu kiti, na kwa hilo watu wa Mombasa nawapa alama zote. Tunalifanya vizuri kuliko miji mingi niliyofika.

Nimalizie na feri, kwa sababu hapo ndipo mahali pamoja palipobaki ambapo adabu ya zamani inafanya kazi kama ilivyokuwa. Likoni tunavuka bure kwa miguu, watu maelfu asubuhi na jioni, na viti ni vichache. Pale bado unaweza kuinuka na mwenzako akakaa. Pale bado unaweza kumwambia mtu, "Lete mzigo nikupakatie." Dakika zenyewe ni chache, wala hutachoka. Lakini tatizo la feri haliko kwenye viti, liko kwenye lango. Likifunguliwa, watu wanakimbia, na mteremko ule ukiwa umelowa ni utelezi. Mzee hawezi kukimbia. Anasukumwa kando, au anaangushwa. Sisi wa umri wangu tukiona umati unakimbilia feri, tunakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, watu 272. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kuna nyumba huko ng'ambo ambazo mpaka leo mwezi wa Aprili hazifurahi. Kwa hivyo kijana, ukimkuta bibi kwenye mteremko, usimpite. Mshike mkono au tembea mwendo wake. Walio nyuma yako watapunguza mwendo, wapende wasipende, na hiyo ni heshima kubwa kuliko kiti.

Kuna wanaouliza, sheria inasemaje? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia mahali pote na vyombo vya usafiri wa umma kwa njia inayomfaa. Kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na Katiba hiyo hiyo inahesabu mzee kuwa ni aliyetimiza miaka 60. Kwa hivyo baadhi yenu hapa mnaojipaka rangi nyeusi ndevuni, Katiba imeshawajua. Leseni za matatu hutolewa na NTSA, lakini usafiri wa ndani ya kaunti na vituo vyake ni kazi ya kaunti. Ombi langu kwa wenyeji wetu walioniita ni dogo. Wekeni benchi moja tu penye mlango wa gari la kwanza, katika kila steji ya kisiwani, na lijulikane kuwa ni la wazee, waja wazito, wagonjwa na wenye ulemavu, na kwamba gari likija, walioko kwenye benchi wanapanda kwanza. Halihitaji kuandikwa sheria mpya. Linahitaji seremala, na makanga wakubaliane. Kijana kama yule wangu wa Kongowea angekaa pale, wala asingelazimika kumweleza mtu kitu.

Hapo niishie. Nipo tayari kwa maswali, lakini yawe machache na mafupi. Naenda Bombolulu leo, na nataka niwe Posta kabla ya saa kumi na moja. Mnajua baada ya hapo kunakuwaje.